Mwaka Niliokaa kwa Mwaitu Ndinda

Tulimzika Mwaitu Ndinda mwezi uliopita, upande wa Mutomo, na tangu siku hiyo sijatulia. Naosha vyombo vilivyo safi. Nafagia uwanja, naketi, nainuka, nafagia tena. Mwanangu Nzioka ndiye aliyeniendesha mpaka Kitui na kunirudisha hapa Emali, na tulipokuwa tunavuka daraja la Athi aliniuliza, "Mama, huyo nyanya alikuwa mtu mbaya?" Nikamwambia aangalie barabara. Ni mtu mzima, ana watoto wake, ana haki ya kuuliza. Lakini kule mazishini watu walikuwa wamesimama mmoja baada ya mwingine wakasema marehemu alikuwa nguzo ya kanisa, mlango wake haukufungwa, hakuna jirani aliyewahi kulala njaa yeye akiwa na chakula. Mimi nilikuwa nyuma chini ya turubai, sahani ya wali na maharagwe mapajani, na kwa kila neno lao niliitikia kwa kichwa, kwa sababu walikuwa wanasema kweli. Nililia pia, tena si kidogo. Mama mmoja aliyeketi karibu nami akanipa karatasi ya kupangusia macho, akaniuliza, "Alikuwa nani wako?" Nilishindwa kumwambia kwamba marehemu ndiye aliyenioa.

Kwetu Ukambani jambo hilo si geni. Mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kupeleka mbuzi kwa watu wa msichana, akamchukua awe mke wa boma lake, ili wavulana wa msichana huyo wabebe jina la marehemu na kushika shamba. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Wale mbuzi ni wa ntheo, na wakishaliwa umeolewa. Waliokula ndio mashahidi wako, hakuna cheti kinachotakiwa zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa msichana mwenye mtoto aliyekuwa anaanza kusimama, na baba yake hakuwa wa kutajwa. Mwaitu Ndinda alikuwa na mabinti walioolewa mbali, na shemeji mmoja, Mutua, aliyekuwa anaishi ng'ambo ya ua akingoja shamba la kaka yake kama mtu anayengoja chungu kiive. Akaja kwetu na wanawake wenzake na mbuzi. Wakachinja, wakala, wakaimba. Nilielezwa kila kitu mbele ya watu: mtoto ataitwa Nzioka, jina la marehemu mume wake, yeye Ndinda atakuwa susu wa mtoto, yaani nyanya yake, na mimi nitabaki mama yake. Nilikubali. Sikulazimishwa na mtu, na sitaki msomaji afikirie hivyo.

Chumba alichonipa kilikuwa ndani ya nyumba ya matofali, si jikoni nilikotegemea kulala. Kulikuwa na kitanda cha chuma, blanketi jipya ambalo bado lilinuka duka, na dirisha dogo lililotazama kwa Mutua. Chakula cha kwanza kilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na mbaazi mbichi, na juu yake akamwaga samli kutoka kwenye kibuyu. Alinipakulia mimi kwanza. "Kula, mwanangu," akasema, "wewe ni wawili, unanyonyesha." Nyumbani nilikotoka nilikuwa nimezoea kupakuliwa mwisho, sufuria ikikwaruzwa. Nilikula huku nimeinamisha uso ili asione ninavyolia. Kwa hiyo ninapoandika habari za ukatili, na ndizo ninazoziandika, lazima nianzie kwenye samli hiyo, maana ilikuwa ya kweli. Nimejaribu kuanza mahali pengine. Nimefuta.

Mkatili aliyejulikana na kila mtu alikuwa Mutua. Alikuwa na punda wa kuteka maji kwenye visima tulivyochimba katika mchanga wa mto mkavu, na alikuwa anawapiga kwa mnyororo wa baiskeli. Si kwamba walikuwa wamekataa kutembea. Aliwapiga wakiwa wamesimama, mzigo umeshateremshwa. Sauti ya mnyororo ilikuwa inaingia kwa dirisha langu nikimnyonyesha mtoto, naye alikuwa anaacha ziwa na kusikiliza. Mwaitu Ndinda hakuvumilia. Alikuwa anatoka na mwiko mkononi, anasimama kwenye ua wa miiba na kupaza sauti: "Mutua! Huyo punda hana mdomo, lakini Mungu ana masikio!"

"Basi mwambie huyo Mungu ateke maji yeye," Mutua alikuwa anajibu, na anacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, ukikisikia bila kumwona ungependa kujua mwenyewe ni nani.

"Mnyama huyo," Mwaitu Ndinda alikuwa anasema akirudi jikoni. "Mbithe, mtu anayefurahia uchungu wa mwenzake hana moyo." Na mimi niliamini kwamba ukatili ni huo: kufurahia. Niliamini hivyo kwa muda mrefu wa mwaka ule.

Jumapili ya kwanza tulikwenda kanisani. Yeye alikuwa kiongozi wa akina mama, na kitambaa chake cheupe kilikuwa kimepigwa pasi mpaka kimesimama. Mlangoni mama mmoja mgeni akauliza huyu msichana ni nani. Mwaitu Ndinda akajibu bila kusitasita, "Ni wa kunisaidia kazi. Na huyu mtoto ndiye Bwana amenipa nilee." Wanawake waliokula mbuzi wangu walikuwa wamesimama palepale. Wakatazama viatu vyao. Tukiwa njiani kurudi akanishika mkono. "Usiyaweke moyoni. Pasta anasema mambo ya iweto ni mambo ya giza. Akijua, nitasimamishwa. Ni maneno ya kanisani tu, nyumbani wewe ni wewe." Nikasema, "Sawa, Mwaitu." Nilimwita hivyo, mama yangu, kama tulivyofundishwa kumwita mama wa boma ulikoolewa. Na nilimwelewa. Alitaka desturi impe mrithi na kanisa limwachie kitambaa, na kati ya hayo mawili palikuwa na mtu mmoja tu wa kubanwa.

Ukafika wakati wa kumwachisha mtoto ziwa. Akahamishiwa kwenye kitanda cha Mwaitu Ndinda, na hilo ni jambo la kawaida, nyanya wote hufanya hivyo mpaka mtoto asahau. Alikuwa anampikia uji wa wimbi kwa maziwa, anaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine, huku anamwimbia. Mtoto alinenepa. Alisahau ziwa upesi. Nikangoja arudishwe. Mvua ikaja, tukapanda, tukapalilia, mvua ikaisha, na mtoto bado alikuwa analala kule. Nilipouliza, akasema chumba changu kina baridi. Halafu mchezo ukaanza, jioni tukiwa tumeketi jikoni. "Nani huyu?" alikuwa anamuuliza akijigusa kifua. "Mwaitu!" mtoto alikuwa anajibu. "Na yule pale?" Naye alikuwa ananielekezea kidole. "Mbite!" Wageni walikuwa wanacheka, kwa sababu alikuwa anakosea jina vizuri. Mimi pia nilicheka. Ungefanya nini? Mtoto wako anajifunza kusema, na watu wanafurahi, na hakuna aliyekutukana.

Siku moja alianguka karibu na ghala, akapasuka mdomo. Nilikuwa nikipepeta mbaazi. Nikatupa ungo, nikakimbia. Mwaitu Ndinda alitoka jikoni akamfikia mbele yangu, akamwinua, akamfuta damu kwa leso yake. Mtoto akamkumbatia shingo. Nilikuwa nimesimama pale, mikono imenyoshwa. Akanitazama kwa upole kabisa, akasema, "Mbithe, lete maji." Nikaenda, nikaleta maji. Nimewahi kupigwa na mwalimu, na mume niliyempata baadaye alinipiga mara moja, nikamwacha. Hakuna kipigo ninachokikumbuka kama kile kikombe cha maji, jinsi nilivyokijaza mpaka juu, nikakibeba polepole kisimwagike.

Sasa niseme juu ya wale wanawake. Walikuwa wanakuja kwa mwethya, kazi ya zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, kuchimba matuta ya kuzuia maji. Siku walipokuwa kwetu, walikuwa wamekaa jikoni wakimenya viazi, nami nilikuwa nyuma ya ukuta nikisugua sufuria kwa majivu. Hawakujua nipo.

"Kwani huyu msichana haoni?" mmoja akauliza.

"Anaona. Atafanya nini?"

"Lakini si tulikula mbuzi yake?"

"Mimi nilikula mbavu," akasema Mama Mutheu, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Mwaitu Ndinda, "na nikikumbuka, zilikuwa tamu kuliko huu mchuzi wenu." Wakacheka. Halafu akaendelea, sauti imeshuka: "Wacheni tu. Ndinda anampa kila kitu. Umeona ile leso nyekundu? Bwana yangu hata ya kupangusa meza hajawahi kuninunulia. Mtoto akipata shamba, mama atatulia."

"Atatulia," wakakubali. Na kisu kikaendelea kumenya.

Kwa miaka mingi niliwachukia hao kuliko mtu yeyote. Sasa nimezeeka kama walivyokuwa, na mimi ni mwanakikundi, na najua jinsi inavyokuwa. Unaketi kati ya watu wema, unaona jambo, unapima: nikisema, nani ataniletea mbegu mwezi ujao? Nani atanizika? Halafu unatafuta kitu kizuri alichopewa anayeumia, leso nyekundu au chochote, unakiweka juu ya jambo kama sinia juu ya chungu. Wala hakuna anayefurahia. Ndiyo maana haikunifikia akilini kuuita ukatili.

Mutua aliuona kabla yangu. Tulikutana mtoni, mimi nikiwa ndani ya kisima nikichota kwa kata, yeye juu na punda wake. "Wewe iweto wa kanisa," akasema, "unamchotea nani maji? Mama mkubwa na mtoto wake?" Nikaendelea kuchota. Akachuchumaa. Hakuwa anacheka sasa. "Nikusaidie. Mchukue mtoto wako. Nitakupeleka na punda mpaka barabarani, lori la mbuzi linapita kila siku ya soko. Sitaki kitu."

"Kwa nini unisaidie?"

Alifikiri kidogo. Naamini alikuwa anatafuta jibu la kweli, na alilipata. "Nataka kumwona akilia. Aketi pale mlangoni aite Nzioka, Nzioka, na mimi niko ng'ambo nakunywa chai." Shamba alikuwa analitaka, ndiyo, lakini wakati ule macho yake hayakuwa yakiliona shamba. Yaliuona mlango ule na yule mama, na yalikuwa yamelainika kama ya mtu anayewaza chakula.

"Endelea na punda wako," nikamwambia.

"Haya. Basi zeeka ukiitwa Mbithe." Akainuka.

Neno hilo lilinipata. Nikapanda na maji yangu nikilibeba. Nilikuwa nimemwona mkatili karibu, uso kwa uso, na alikuwa ameniahidi mtoto wangu. Na nyumbani alikuwa ananingoja mtu aliyenipenda, nampelekea maji, naye ndiye aliyekuwa amemchukua mtoto huyo. Nikasimama njiani na mtungi mgongoni. Sikujua niende wapi.

Baada ya mavuno mtoto akapelekwa mbele ya kanisa aombewe. Mwaitu Ndinda alimshonea shati, nami akaninunulia gauni, la kitambaa kizuri kuliko lake. Nilikaa benchi la nyuma, nimeshika mfuko wenye nguo zake za kubadilisha. Pasta akauliza, "Mama wa mtoto ni nani?" Alikuwa anauliza kama inavyoulizwa siku zote. Mwaitu Ndinda akasimama. "Ni mimi, kwa neema." Wale wanawake wakaanza wimbo. Mama Mutheu aligeuka akanitazama, akarudisha macho kwenye kitabu chake, akaimba kwa nguvu zaidi.

Juma lile mwethya ilikuwa kwetu tena. Nilipika, nikakibeba chakula mpaka shambani, nikakiweka chini ya kivuli. Walipokwisha kunawa nikabaki nimesimama. Nikasema, "Mama Mutheu, ulikula mbuzi wangu?"

"Mbithe, mwanangu, chakula kitapoa."

"Ulikula au hukula?"

Hakuna aliyeshika kijiko. Kwetu unaweza kumdanganya pasta, unaweza kumdanganya hata hakimu, lakini ukiulizwa mbele ya watu kama ulikula ntheo, na ulikula, huwezi kusema hapana. Ni kama kumkana maiti uliyemwosha. Mama Mutheu akajifuta mikono kwenye leso. "Nilikula," akasema.

"Niliajiriwa au niliolewa?"

"Uliolewa." Na mwingine akasema, "Uliolewa." Na mwingine.

Mwaitu Ndinda alikuwa ameketi na mtoto mapajani. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na mshangao mtupu. "Mbithe, kwani nimekunyima nini?" Nikatafuta. Nilipitia kitanda, blanketi, samli, gauni, nikitafuta kitu alichoninyima, na sikukipata. Nikasema tu, "Nataka aniite mama."

"Mwite basi," akasema, na nina hakika hakusema kwa ubaya. Alidhani ni jambo rahisi. Akamweka mtoto chini kati yetu. Nikapiga magoti, nikamwita. Nikamwita kwa jina nililompa alipozaliwa, halafu Nzioka. Mtoto akanitazama, akamtazama yeye, akarudi nyuma hatua moja, akashika pindo la nguo yake na kuficha uso.

Hapo ndipo Mwaitu Ndinda alipoliona. Nilimwona akiliona. Akafunika mdomo. "Sikukusudia hivi," akasema. "Mbithe, kaa. Jumapili nitasimama niseme yote." Nilimwamini kwamba hakukusudia, na ninamwamini hata leo. Lakini Jumapili ilikuwa mbali, na pindo lilikuwa limeshikwa kwa mikono miwili. Nikasema nitaondoka siku ya soko. Angeweza kunizuia: mbuzi walikuwa hawajarudishwa, na kwa desturi mtoto alikuwa wa boma lake. Hakunizuia. Alisema tu kwamba njia ya lori ina vumbi, nimfunike mtoto kichwa.

Siku hiyo mtoto alikataa mgongo wangu. Alipiga mateke, akajinyosha kama ubao. Basi Mwaitu Ndinda mwenyewe akambeba, akamfunga kwa leso yake, tukashuka hadi barabarani, mimi na mfuko, yeye na mtoto aliyetulia, ameegemeza shavu mgongoni. Lori la mbuzi likasimama. Nikapanda nyuma. Akaifungua leso, akamwinua mtoto juu, nikampokea. Kilio alichotoa sitakieleza. Mutua alikuwa kwenye ua wake, amesimama na kikombe, na alichokitaka alikipata chote: mwanamke yule aliketi chini, kwenye vumbi la barabara na nguo yake safi, akaita lile jina mpaka lori likakata kona. Na shamba baadaye likawa la Mutua, isipokuwa kipande kilichobeba nyumba, ambacho ndicho tulichomzikia.

Mwenye mbuzi alinitazama njia nzima. "Mama, huyu mtoto ni wa nani?"

"Wangu."

"Mbona anamlilia mama mwingine?" Nilimshika mtoto kwa nguvu ili asijirushe, na mikono yangu iliacha alama kwenye mikono yake.

Mama Mutheu bado yuko hai. Mwezi uliopita aliletwa mazishini akishikiliwa huku na huku, macho yameshafunikwa na ukungu, lakini aliijua sauti yangu. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelisikia: kwamba Jumapili ile, nilipokwisha kwenda, Mwaitu Ndinda alisimama kweli kanisani. Alisema yote, ya mbuzi na ya mtoto. Wakamvua uongozi, akakaa benchi la nyuma miaka mingi kabla ya kurudishiwa. "Alikaa pale ulipokaa wewe," akasema Mama Mutheu. "Hakunung'unika." Nilitaka kumwuliza kwa nini hawakunitumia neno. Lakini alikuwa ameanza kuuliza kama chai imeiva.

Ndiyo maana situlii. Ningependa awe kama Mutua, nimfunge na kumweka kando. Nikisema alikuwa mwema, ile siku ya ghala inasimama mbele yangu. Nikisema alikuwa katili, namwona katika vumbi. Na mimi mwenyewe nilimng'oa mtoto kwa mama pekee aliyemjua, mchana, watu wakitazama, wala sijutii. Ningemng'oa tena leo. Sijui neno la kitu hicho. Najua tu kwamba mtoto hakuona tofauti.

Shangazi yangu alikuwa na hoteli ndogo hapa Emali, karibu na reli, ya chai na maandazi, na nyuma yake chumba alichotuachia. Mtoto alilia humo siku nyingi. Alikataa uji, alikataa kuoga, alikuwa anaita "Mwaitu" na nikimjibu anaita kwa sauti zaidi, ili asikie yule anayeitwa. Wenye malori walikuwa wanakunywa chai yao wakiangalia mlango wetu. Halafu asubuhi moja akanyamaza. Shangazi akafurahi, akaleta andazi la moto. "Umeona? Ameshazoea." Lakini mimi nilimtazama. Alikuwa ameketi sakafuni akiutazama ukuta, mikono mapajani kama mtu mzima, na nilijua hajazoea kitu. Alikuwa ameelewa tu kwamba hakuna atakayekuja. Nilitaka kumchukua nimkumbatie, na sikumchukua. Niliketi sakafuni, mbali kidogo, mahali ambapo angenifikia kwa mkono kama angetaka, nikaacha chai ya wateja niliyokuwa nimeinjika ichemke mpaka imwagike motoni.